MAJI NA MOTO KATIKA VILIMA VYA KAMPALA

Msafiri aingiaye Kampala kwa barabara ya mwendo kasi itokayo Entebbe huupokea mji kwa macho kabla ya kuukanyaga kwa miguu. Vilima ndivyo vinavyotangulia, kila kimoja na taji lake: Rubaga na kanisa kuu la Kikatoliki, Namirembe na kanisa kuu la Kianglikana, Kibuli na msikiti wake, Old Kampala na mnara wa Msikiti Mkuu wa Taifa uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Kati ya kilima na kilima kuna bonde, na katika bonde kuna maji, au palikuwa na maji kabla watu hawajajenga. Udongo ni mwekundu, na mvua inyeshapo hushuka pamoja nao hadi barabarani.

Barabara hiyo ni kazi ya Wachina, na ilifunguliwa mwaka 2018. Uwanja wa Mandela huko Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997, ni kazi yao vilevile. Uhusiano wa Uganda na China ulianza mwezi uleule wa Uhuru, Oktoba 1962, na tangu mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Makerere kina Taasisi ya Confucius ambamo vijana hujifunza kuziandika herufi za Kichina. Miongoni mwa herufi nyepesi ambazo mwanafunzi huzikuta mapema zimo hizi tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Azijuaye hizo ameushika ufunguo wa elimu ya kale ambayo kwayo Wachina husoma tabia na majaliwa ya mtu kwa kuutazama wakati aliozaliwa. Wala si rahisi kupata mji mwingine katika Afrika Mashariki ambamo elimu hiyo yaweza kuelezwa kwa kuonyesha kwa kidole kama Kampala, kwa kuwa hapa asili zote tano hufanya kazi waziwazi, mtaa kwa mtaa.

Faida yake si ya kujifurahisha tu. Ziko nyumba, na za askari zimo, ambamo uchumba umevunjwa kwa maneno mawili: nyota hazipatani. Atakaye kujua maneno hayo yana uzito gani hana budi kwanza ajue mapatano na ugomvi wa asili hizo huhesabiwaje.

Wachina huziita asili tano kwa neno ambalo maana yake ya kwanza ni kwenda. Kwa hiyo si vitu vitano vilivyokaa kama mafiga, bali ni miendo mitano. Mti ni mwendo wa kuchipua na kupanda; moto ni wa kuwaka na kuenea; udongo ni wa kutulia na kupokea; chuma ni wa kukaza na kukata; maji ni ya kushuka na kujificha. Anayetajwa sana katika kuieneza fikira hiyo ni Zou Yan, mwanachuoni wa karne ya 3 kabla ya Kristo.

Miendo hiyo ina njia mbili za kukutana. Ya kwanza ni njia ya uzazi: maji huuzaa mti, mti huuzaa moto, moto huacha jivu na hivyo kuuzaa udongo, udongo huzaa chuma tumboni mwake, na chuma huzaa maji, kama umande ushukavyo juu ya bati alfajiri. Njia ya pili ni ya utawala: maji huuzima moto, moto hukiyeyusha chuma, chuma huukata mti, mti huupasua udongo kwa mizizi, na udongo huyazuia maji. Ndiyo mambo yote, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuyakariri kwa siku moja. Ugumu uko katika kipimo. Kikombe cha maji hakizimi nyumba iunguayo, hugeuka mvuke. Kisu kidogo hakiangushi mvule; huvunjika chenyewe. Hata uzazi ukizidi ni balaa, maana mti ukifurikiwa na maji huoza mizizi, na waandishi wa Kichina wameliandika jambo hilo kwa maneno ya nyumbani kabisa: mama ampendaye mwana kupita kiasi humwangamiza.

Chati ya kuzaliwa ina nguzo nne: ya mwaka, ya mwezi, ya siku na ya saa. Kila nguzo ina herufi mbili, ya juu huitwa shina la mbinguni na ya chini tawi la ardhini. Jumla ni herufi nane, na ndilo jina la elimu yenyewe, Bazi, yaani herufi nane. Mashina ni 10, matawi ni 12, na yakizungushwa pamoja hufanya duru ya 60. Katika enzi ya Tang, iliyomalizika mwaka 907, ustadi huo huhusishwa na Li Xuzhong, aliyetegemea zaidi nguzo ya mwaka. Baadaye, karibu na enzi ya Song, Xu Ziping aliuhamisha moyo wa chati hadi kwenye shina la siku. Shina hilo ndilo mtu mwenyewe. Herufi saba zilizobaki ni majirani zake. Basi yule asemaye kwa kujigamba kwamba yeye ni mtu wa Joka au wa Chui-milia ametaja herufi moja katika nane.

Matembezi yaanzie Kasubi, kaskazini magharibi mwa mji, kwa kuwa huko mti na moto wamekutana kwa namna ambayo Kampala haijaisahau. Jumba la Muzibu Azaala Mpanga lilijengwa mwaka 1882 kuwa ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, na tangu mwaka 1884 likawa kaburi lake, kisha la Mwanga wa Pili, la Daudi Chwa wa Pili na la Edward Muteesa wa Pili. Mengi yaliyomo ni mti: nguzo za magogo, paa la nyasi lililoezekwa na watu wa ukoo wa Ngeye, kitambaa cha gome la mutuba, na juu kabisa pete 52 zilizosokotwa kuwa ishara ya koo za Buganda. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba hilo liliteketea. UNESCO, iliyokuwa imeliingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, ililiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2023 ikaliondoa humo baada ya kazi ndefu ya kulijenga upya.

Mpiga falaki wa Kichina akiulizwa habari za mwaka 2010 atajibu upesi kwamba shina lake ni chuma na tawi lake ni mti. Shoka limekaa juu ya kigogo. Maneno hayo huvutia. Lakini mwaka huo ulikuwa na shoka lake juu ya kila paa la nyasi duniani, na mamilioni ya mapaa hayo yaliuona mwaka 2011 yakiwa mazima. Hapo ndipo msomaji mwangalifu hutengana na mpiga ramli wa sokoni.

Tena Waganda wenyewe hawakungoja Wachina wawafundishe kwamba moto si adui wa mti daima. Mlangoni mwa ikulu ya Mengo huwaka moto ambao, kwa desturi, hauzimwi maadamu Kabaka yu hai. Kabaka afapo, husemwa kwamba moto wa Buganda umezimika. Na asili nyingine zina wenyewe katika simulizi za kale: Mukasa wa ziwa, Kiwanuka wa radi, Musisi wa matetemeko ya ardhi.

Kutoka Kasubi hadi Namirembe si mbali. Kanisa lililosimama pale leo ni la tano katika hesabu ya kilima hicho. Mojawapo ya yaliyotangulia liliezuliwa na dhoruba mwaka 1894. Lililofuata miti yake iliingiliwa na mchwa hata ikabidi libomolewe. La nne, lililokuwa na kuta za matofali lakini paa la nyasi, lilipigwa na radi mwaka 1910 likaungua. Mvua na moto vilitoka katika wingu moja, na maji yaliyokuwamo humo hayakuokoa kitu. Kanisa la sasa lilikamilika mwaka 1919, na atakayelisogelea ataona jawabu la wajenzi kwa macho yake: matofali ya kuchoma kila mahali, na juu vigae. Udongo uliopitia moto hauogopi tena moto. Kwa lugha ya chati, yule adui wa mti amepewa mtoto wa kulea, na akishughulika na kuuzaa udongo hana nafasi ya kuula mti.

Huo ndio msingi wa tiba yote ya Bazi, nao unafaa kushikwa vizuri. Asili mbili zikigombana, mjuzi hatafuti jinsi ya kumfukuza mmoja. Hutafuta wa tatu wa kukaa kati yao, ambaye ni mtoto wa huyu na mzazi wa yule. Maji na moto hupatanishwa na mti, kwani maji humlisha mti na mti humlisha moto. Chuma na mti hupatanishwa na maji. Wachina huita kazi hiyo kufungua njia.

Ukishuka kusini, Ndeeba hupokea pua kabla ya macho. Harufu ni ya mbao mbichi, na unga wa mbao umetanda hata juu ya majani ya migomba. Misumeno hulia tangu asubuhi. Hapa chuma hukata mti bila huruma, na anayesikiliza bila kutazama angedhani ni vita. Kitokacho upande wa pili ni vitanda, makabati, meza za shule na majeneza. Vitabu vya Bazi husema jambo hilohilo kuhusu mtu wa mti mkubwa: asipoonja chuma hata kidogo hubaki gogo msituni, refu na lisilo na kazi.

Katwe, mashariki yake, ni makao ya chuma na moto. Sifa ya mafundi wa Katwe ni ya miaka mingi, na kuna msemo mitaani kwamba kisichotengenezeka Katwe kitupwe. Chuma chakavu huingia kikiwa kimekunjamana, hutoka kikiwa ni milango, mageti, karai, sufuria na mashine za kusagia. Nyundo hazinyamazi. Mzee wao wa kale ni Walukaga, cheo cha mfua chuma mkuu wa Kabaka, ambacho ni cha ukoo wa Kasimba. Watoto wa Buganda hukua na hadithi yake. Kabaka alimwita Walukaga akampa chuma kingi, akamwamuru afue mtu: si sanamu, bali mtu mwenye damu, atembeaye na kusema. Walukaga akarudi nyumbani na kifo machoni. Njiani akakutana na mwendawazimu aliyekuwa rafiki yake zamani, naye ndiye aliyempa shauri. Akarudi kwa Kabaka akasema kazi hiyo haifanyiki kwa makaa ya kuni wala kwa maji ya kisima. Inataka mizigo elfu ya makaa ya nywele za watu na mitungi mia ya machozi. Nchi nzima ikanyolewa, nchi nzima ikalia, na haukupatikana hata mzigo mmoja kamili. Kabaka akaiondoa amri yake. Hadithi hiyo husimuliwa ili watu wacheke, lakini mfua chuma huijua kwa undani zaidi: chuma bila moto wa kukitosha na maji ya kukipoza ni mzigo tu, na kipimo kikikosewa upande wowote, kazi haiwi.

Kazi ya Katwe inayoingia katika kila nyumba ya Kampala, ya ofisa na ya kuruta, ni sigiri. Mama wa nyumbani aitazame vizuri jioni hii. Nje ni chuma. Ndani, kama ni ya aina nzuri, imepakwa udongo ili joto lisipotee. Makaa ni mti. Juu ya makaa ni moto, na juu ya moto, katika sufuria, ni maji. Asili zote tano zimekaa mahali padogo kuliko kigoda, na wale mahasimu wawili wakubwa, maji na moto, wametenganishwa na unene wa bati tu. Sufuria ikitoboka, moto huzima na chakula huharibika. Sufuria ikiwa nzima, ugomvi uleule ndio unaoivisha maharage. Wachina wana alama ya hali hiyo katika kitabu chao cha kale cha mabadiliko, alama ya 63, iliyochorwa maji juu na moto chini, na jina lake maana yake ni kwamba jambo limekwisha timia. Wakiyageuza, moto ukawa juu na maji chini, kila mmoja huenda zake, na alama hiyo, ya 64, huitwa jambo ambalo halijatimia. Basi hata katika China yenyewe maji na moto si laana. Inategemea nani amekaa wapi, na nini kimewekwa katikati.

Nsambya ni jirani, na kambi ya polisi iko huko. Katika kambi kama hizo, za polisi na za jeshi, Kiswahili ndicho kinachounganisha ukuta na ukuta, maana kijana wa Arua hupata mchumba wa Masaka, na wa Gulu akaoa Mbale. Baganda huuliza kwanza ukoo, kwa kuwa mtu haoi katika mwiko wake. Familia za Kihindi zifuatazo desturi hupeleka chati kwa mjuzi, ambaye huhesabu alama hadi 36 na kutaka zisipungue 18. Na familia zilizopokea elimu ya pwani, ile iliyoanza kufika Buganda na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili mnamo mwaka 1844, huuliza nyota. Marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, aliifanya elimu hiyo ijulikane katika magazeti ya Afrika Mashariki yote.

Elimu ya pwani ina asili nne: moto, udongo, upepo na maji, na buruji 12 zimegawanywa humo tatu tatu. Hamali, Asadi na Kausi ni moto. Thauri, Sumbula na Jadi ni udongo. Jauza, Mizani na Dalu ni upepo. Saratani, Akrabu na Hutu ni maji. Njia moja mashuhuri ya kuipata nyota ni kuhesabu thamani ya herufi za Kiarabu za jina la mtu na la mama yake, kisha kutoa kumi na mbili kumi na mbili hadi kubaki namba ndogo. Tuseme bwana ni Ali na mama yake ni Maryam. Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110. Maryam ni 40, 200, 10 na 40, jumla 290. Zote ni 400. Ukiondoa 396 hubaki 4, na buruji ya nne ni Saratani, nyota ya maji. Mchumba ni Fatuma, na mama yake ni Asha. Fatuma, kwa hati ya Kiarabu, ni 135, na Asha ni 386. Jumla ni 521. Ukiondoa 516 hubaki 5, nayo ni Asadi, nyota ya moto.

Maji na moto! Shangazi mwenye kauli atasema posa irudishwe. Lakini mwulize kwanza mhesabuji ameihesabu vipi ile herufi ya mwisho ya Fatuma na ya Asha. Wengine huihesabu kuwa ha, thamani 5, na ndivyo ilivyohesabiwa hapa. Wengine huihesabu kuwa ta, thamani 400. Kwa hesabu hiyo ya pili jumla ni 1,311. Ukiondoa 1,308 hubaki 3, nayo ni Jauza, nyota ya upepo. Msichana ni yuleyule, mama yake ni yuleyule, na moto wake umetoweka kwa sababu ya nukta mbili juu ya herufi.

Mchina wa Bazi hangemaliza shauri hilo upesi kama shangazi. Kwake yeye maji kuutawala moto kuna jina, na wasomaji walio kazini watalielewa kuliko wengine. Asili ile inayoitawala siku ya mtu huitwa Ofisa. Ikija kwa upole, ni sheria, cheo, nidhamu. Katika chati ya mwanamke huwa pia ni mume. Ikija kwa ukali bila kizuizi huitwa Muuaji wa Saba, na mtu hubanwa hadi apondeke. Tofauti ya hao wawili si ya asili, ni ya kipimo na ya namna ya kukutana. Na Muuaji huyo ana dawa mbili zinazojulikana. Moja ni kile ambacho mtu hukizaa mwenyewe, ambacho katika chati ya mwanamke ni watoto wake, hicho humzuia. Nyingine ni kile kimzaacho mtu, yaani mama na elimu, ambacho kwa Kichina huitwa Muhuri. Amri kali ikipitia katika elimu hugeuka kuwa mamlaka. Isipopitia humvunja aliyepewa. Sajini yeyote aliyewahi kufunza makuruta ameliona jambo hilo bila chati.

Hata hivyo elimu hiyo imeumiza watu, na si haki kulificha hilo. Mwaka 1966 ulikuwa wa Farasi wa Moto, moto juu na moto chini. Huko Japani, waliochukua hesabu hiyo kutoka China, palikuwa na imani kwamba msichana azaliwaye mwaka huo atakuwa mkali na kumwangamiza mumewe. Basi wazazi waliogopa kuzaa. Watoto waliozaliwa Japani mwaka huo walipungua kwa kama robo, kutoka takriban 1,820,000 mwaka uliotangulia hadi 1,360,000 hivi, na mwaka uliofuata idadi ikapanda tena. Duru ni ya miaka 60, kwa hiyo mwaka 2026 ni wa Farasi wa Moto vilevile. Na yote hayo kwa ajili ya nguzo moja katika nne, ambayo tangu Xu Ziping si hata ile inayomwakilisha mtu mwenyewe.

Toka Nsambya kuelekea katikati ya mji, huwezi kuliepuka bonde la Nakivubo na mfereji wake, uchukuao maji ya mvua ya mji na kuyapeleka kwenye kinamasi, halafu ziwani katika Ghuba ya Murchison. Kinamasi hicho ni mpatanishi aliyewekwa na maumbile: mafunjo hunywa uchafu wa maji na kuushika udongo, kabla maji hayajafika ghuba ileile ambayo mitambo ya Ggaba huyachota kwa ajili ya mabomba ya mji. Udongo huzuia maji, ndivyo isemavyo njia ya utawala. Lakini mahali ambapo watu wamejaza udongo juu ya kinamasi ili wajenge, kama ilivyotokea katika mabonde mengi ya Kampala, maji hayakutii. Yamehamia vyumbani. Wakazi wa Bwaise, upande wa pili wa mji, huinua magodoro juu ya meza kila masika.

Imebaki nguzo ya saa, na kwa hiyo njia inapanda Mulago, ambako kuna hospitali tangu mwaka 1913, na tangu mwaka 2018 hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga. Hapa chati ya Kichina hukutana na shida ambayo haikuwapo Peking.

Shida ya kwanza ni ya majira. Nguzo ya mwezi ndiyo huipa kila asili nguvu: masika ya China ni ya mti, kiangazi ni cha moto, vuli ni ya chuma, na baridi ni ya maji. Mtoto azaliwaye katikati ya Desemba huandikwa kuwa amezaliwa wakati maji yanatawala na moto umelala. Kampala iko chini ya nusu digrii kutoka Ikweta. Hakuna theluji ya kuulaza moto. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, na Januari, mwezi ambao chati huuita wa baridi kali, vumbi jekundu huruka juu ya Mulago na watu hutafuta kivuli.

Shida ya pili ni ya saa yenyewe. Wachina wa kale waligawa mchana na usiku katika saa 12, kila moja ikiwa sawa na mbili zetu, na kipimo chao kilikuwa jua. Saa ya Farasi ni ile ambayo jua liko utosini katikati yake, tangu saa tano hadi saa saba mchana, nayo ni ya moto. Inayofuata ni ya Mbuzi, nayo ni ya udongo. Sasa, saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, upitao karibu na Mogadishu. Kampala iko kwenye digrii 32 na nusu na kidogo. Kila digrii moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua la Kampala hukawia nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika kama 50, mbali na dakika chache linazoongeza au kupunguza kwa kadiri ya miezi. Saa sita kamili ya adhuhuri ikigonga, jua bado halijafika juu.

Mtoto amezaliwa saa saba na nusu mchana, na siku yake ni ya chuma. Kwa saa ya ukutani ameingia katika saa ya Mbuzi, na udongo humzaa chuma: amekuta mama akimngoja. Kwa jua lililo juu ya paa la Mulago bado ni saa sita na dakika arobaini, saa ya Farasi, na moto hukiyeyusha chuma: amekuta adui mlangoni. Mkunga huangalia saa ya ukutani, huandika saa saba na nusu, kisha humweka mtoto kwenye mizani.